Tulikwenda, Lakini Nani Alisukuma?

Waswahili wameandika safari zao za Ulaya tangu zamani, kabla reli haijafika Mwanza. Mwaka 1901, huko Göttingen, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na ndani yake yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake, Dk. Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja aliyefundisha Kiswahili Berlin miaka ya 1890, naye alieleza mambo aliyoyaona huko. Mwaka 2013 Adam Shafi akatupa Mbali na Nyumbani, safari ya kijana wa Unguja anayekatiza Uganda, Sudan na Misri roho yake ikiwa Ulaya. Hivi vyote nimevisoma, kile cha 1901 kwa nakala za kivuli zilizokatwa maneno ya pembeni, nikawa nakisia. Nina swali moja kwa waandishi hawa na kwa wahakiki waliowasifu. Miguu ya wasafiri hawa iko wapi?

Namaanisha miguu hii ya nyama na mfupa. Katika vitabu hivi mtu anaondoka, anafika, anashangaa, anaondoka tena. Baridi imo, njaa imo, kukodolewa macho kumo. Lakini ngazi hazihesabiwi. Hakuna anayesimama mbele ya mlango akaupima upana wake kabla ya kuingia. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, ila vitabuni hailiwi hata kidogo, imekuwa kama hewa.

Swali hili sikulitoa hewani. Mezani kwangu nina kaunta buku moja nene, jalada jekundu, iliyoandikwa na mama yangu mdogo. Mwezi Septemba 2023 yeye na mumewe walisafiri Ujerumani na Ufaransa kwa siku 26. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hatembei tangu ajali ya barabarani ya mwaka 2011. Husafiri kwa kiti mwendo. Binti yao ni muuguzi Würzburg, mji ambao umekuwa rafiki wa Mwanza tangu 1966, ndiye aliyewaita. Wameniruhusu niliandikie daftari lao, majina wamekataa. Basi huu ni uhakiki wa kitabu ambacho hakijachapwa, na wasomaji wa gazeti letu dogo wamezoea mambo hayo, maana robo tatu ya tunavyovijadili humu havijawahi kuchapwa.

Kabla ya daftari tukumbushane tulichosoma shuleni. Kidato cha tatu na cha nne wengi wetu tulipewa Takadini ya Ben Hanson. Sekai anazaa mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, mama anamfunga mbeleko na kukimbia usiku. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, ambako mauaji ya watu wenye ualbino yalitutia aibu mbele ya dunia kuanzia miaka ya 2007 na 2008, hadithi hiyo haikuwa ya Zimbabwe tena. Tulipewa pia Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Mle Cheche, mtoto wa Amani, anaumia, na matibabu yanatakiwa nje ya nchi. Baba hana fedha za kigeni, ndipo anapoingia njia mbaya. Aliyesoma zaidi ya silabasi ameonja Kichwamaji ya Kezilahabi, jirani yetu wa Ukerewe, na amemkuta mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Walimu wetu walituambia huyo ni ishara ya kizazi kilichopotea, tukaandika kwenye daftari la mtihani: ni ishara.

Hebu tazama. Mwili usio wa kawaida katika vitabu vyetu husafiri kwa kukimbia kifo, au hupelekwa hospitali, au hausafiri kabisa bali unakaa pale kuwa ishara ya jambo lingine. Sijamkuta aliyefunga mzigo akasema, mimi na mke wangu tunakwenda kutembea. Kula, kupiga picha, kununiana, kuchoka na kurudi nyumbani na chokoleti za watoto. Na tatizo si la waandishi peke yao. Mama mdogo anaeleza katika kurasa za mwanzo kwamba habari za safari zilipoenea Igogo, kila mtu aliuliza ni hospitali gani. Ofisini walikoomba viza waliulizwa hivyo hivyo. Akina mama wa jumuiya wakachanga shilingi 186,000 za matibabu bila kuambiwa. Ilibidi azirudishe mlango kwa mlango, akieleza kwamba hakuna matibabu, wanakwenda kutalii. Wawili walikataa kupokea. Walisema akae nazo, huenda wakifika huko wazungu wakaona la kufanya.

Sehemu hiyo ni kichekesho safi, na mwandishi wake hakujua kwamba anachekesha. Ndiyo maana inafaa.

Asiyeijua Igogo nimweleze kwa kifupi. Nyumba zetu zimepanda juu ya majabali, moja juu ya kichwa cha nyingine, na kati yake hakuna barabara bali mapito na vidato vya mawe. Ukisimama mlangoni kwa Mama mdogo unaiona bandari ya Mwanza Kusini, mabehewa na ziwa, bure, bila tiketi. Lakini kiti mwendo hakifiki pale. Hulala chini, dukani, kimefunikwa turubai. Baba mdogo hupanda kwa mgongo wa kijana mmoja, wawili wakiwa nyuma kumshika. Vijana hao huitwa kwa mluzi, na huja. Usiku hawaji, na siku za mvua mawe yanateleza, kwa hiyo mwenye mandhari nzuri kuliko wote mtaani anaweza kukaa ndani siku nne mfululizo akiyatazama.

Mtu wa namna hii anapokwenda Ulaya anaona vitu ambavyo Selim hakuviona. Mama mdogo alipima milango kwa shubiri. Kiti ni shubiri tatu kamili, kwa hiyo kila penye upungufu hapapitiki, na daftari limejaa hesabu hizo: mlango wa choo cha treni, mlango wa hoteli, nafasi kati ya kitanda na ukuta. Mwanzoni nilizichukia kama msomaji nilivyochukia orodha za mizigo katika vitabu vya misafara. Kufika ukurasa wa ishirini nilijikuta na mimi nikisubiri. Akisema wameukaribia mlango, roho inanidunda, shubiri ngapi? Waandishi wa hadithi za upelelezi wanatafuta bastola na magari ya kufukuzana ili kumshika msomaji namna hiyo. Yeye amemshika kwa mlango wa choo.

Lugha nayo inasafiri. Akiwa Mwanza anaandika "baiskeli", kama wasemavyo wengi huku. Uwanjani anaandika "kiti cha magurudumu", pengine kwa sababu karatasi zilikuwa nyingi. Baada ya wiki ni "kiti" tu. Paris hakitajwi jina kabisa, kimeingia ndani ya "sisi". Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo penye ugomvi wangu na mwandishi.

Shuleni tulifundishwa kukata kazi ya fasihi vipande viwili, fani huku, maudhui kule, kama samaki sangara mezani. Katika daftari hili kisu hakipiti. Jambo zito kuliko yote limo katika kiambishi kimoja cha herufi mbili: tu-. Tulishuka. Tulipanda. Tulivuka daraja. Ukurasa baada ya ukurasa. Kiswahili kinaruhusu jambo hilo kwa ulaini wa ajabu, wala hakimuulizi mwandishi nani katika hao wawili aliyekuwa amekaa na nani alikuwa akitoka jasho. Mimi ni Msukuma kwa kabila, na wikiendi nyingi ni msukumaji kwa kazi, kwa hiyo nina haki ya kuuliza. Tulipanda kilima, sawa. Nani alisukuma?

Selim bin Abakari naye anasafiri kwa tu-, yeye na bwana wake ndani ya kiambishi kimoja, ilhali mmoja alikuwa mtumishi na mwingine bwana. Rudi nyuma zaidi. Februari 1858 Burton na Speke walifika Ujiji. Burton miguu imekufa ganzi kwa homa, anabebwa. Speke macho yamevimba, ziwa lenyewe halioni sawasawa. Agosti mwaka huo huo Speke alikuja huku bila mwenzake, ambaye alibaki Kazeh, Tabora ya leo, akiuguza, na tarehe 3 akaliona ziwa letu karibu na hapa tulipo, Sidi Mubarak Bombay akiwa naye. Mwaka 1864 Samuel Baker alikuwa njiani kuelekea Ziwa Albert na mkewe Florence, jua likampiga mama yule hadi akapoteza fahamu, wakamlaza kwenye machela, watu wakabeba siku kadhaa. Kwa hiyo mume na mke kusafiri na chombo cha kubebea mwili si habari mpya kwenye Maziwa Makuu. Ni ya zamani kuliko reli na kuliko mji wenyewe. Tofauti ni kwamba chombo cha wakati ule kilikuwa na mabega, kilikuwa kinahema, na vitabu vyao havikukipa jina ila mara chache. Nao waliandika sisi tulifika. Hakuna mhakiki aliyemwita Burton kiwete. Anaitwa mpelelezi. Ulemavu wake ulifunikwa na mabega ya watu wengine, ukatoweka.

Simfananishi Mama mdogo na Burton, la hasha. Nasema kiambishi ni kile kile, na kinafunika vilevile.

Mkitaka ushahidi, fungueni ukurasa wa 34. Wako Würzburg kwenye daraja la kale la mto Main, lile la watembea kwa miguu lenye sanamu za watakatifu, ambako jioni watu husimama na glasi za mvinyo kana kwamba daraja ni baa. Ameandika kwamba tulivuka daraja, mandhari nzuri, watu wengi. Halafu kuna mistari mitatu iliyokatwa kwa kalamu, imekatwa kwa hasira hadi karatasi imetoboka kidogo. Nilishika ukurasa mbele ya taa. Nimesoma maneno machache tu, "niache", na "mbele ya watu", na jina la utani analomwita mumewe ambalo sitaliandika. Nilipomuuliza alinyamaza, akaendelea kuchambua dagaa. Baba mdogo ndiye aliyenieleza. Pale darajani pametengenezwa vizuri, yeye alitaka kujiendesha mwenyewe kwa mikono, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Mkewe aliona mawe ya sakafu yanatikisa kiti, hakuachia mshikio. Wakagombana kwa Kisukuma mbele ya wanywaji mvinyo.

Sasa hapo, jamani, si ndipo riwaya ilipo? Mke ambaye kwa miaka 12 mikono yake imekuwa miguu ya mwenzake, na mume ambaye kwa mara ya kwanza ameona meta kadhaa za dunia anazoweza kuzipita bila mtu. Amepata daraja, hakupata ruhusa. Mwandishi kaiona, kaiandika, kisha kaikata na kuweka "mandhari nzuri". Mhariri yeyote mwenye akili angefanya kinyume.

Kuna ukurasa mmoja ambao haukuhitaji mhariri. Ni ziara ya kasri la maaskofu watawala wa zamani wa Würzburg, liitwalo Residenz. Ndani kuna ngazi pana maarufu, na juu ya ngazi hiyo dari kubwa iliyochorwa na Giovanni Battista Tiepolo, Mwitaliano, mwaka 1752 hadi 1753. Amechora mabara manne. Picha ilipangwa kwa ajili ya mtu anayepanda: ukiwa chini unaona upande mmoja, ukipanda vidato kadhaa upande mwingine unafunguka, ukigeuka kwenye kituo cha katikati unakutana na mengine. Ni picha inayotazamwa kwa magoti. Baba mdogo alipitishwa kwa nyuma, kwenye lifti, akatokea juu, akaiona yote kwa mkupuo mmoja. Mama mdogo alipanda ngazi. Wakakutana juu na kuanza kubishana waliona nini. Yeye alisema Ulaya ndiyo ya mwisho kuonekana, mume akasema hakuna ya kwanza wala ya mwisho, zote zipo.

Halafu Baba mdogo akagundua jambo ambalo mimi sijaliona katika maelezo yoyote ya picha ile. Mabara yote yamekaa. Asia juu ya tembo, Afrika juu ya ngamia, Amerika juu ya mamba, na Ulaya kitini. Alicheka hadi mlinzi akaja. Kasema, kumbe dunia nzima inabebwa, mimi nimezidiwa nini?

Ningekuwa na uwezo ningeuchapa ukurasa huo peke yake ukutani Mwanza nzima. Una mzaha, una hoja ya sanaa, na una ndoa ndani yake bila neno ndoa kutajwa. Tena humo tu- imepasuka yenyewe: nilipanda, alipitishwa, tulikutana. Mwandishi hakupanga. Ngazi ndiyo iliyompangia sarufi.

Katikati ya daftari ni udhaifu mtupu, niseme kweli. Kurasa 40 hadi 55 ni za mshangao. Lifti zinasifiwa, mabasi yanayoinama kandokando ya njia yanasifiwa, vyoo vinasifiwa kwa vipimo. Imo habari ya Wilhelm Röntgen, aliyegundua miale ya eksirei mjini humo Novemba 1895, na ya mume kukumbuka picha za mgongo wake zilizopigwa Bugando. Hapo palikuwa na mbegu nzuri, akaipita mbio kwenda kusifu duka la mikate. Ugonjwa huu ni wa ukoo, Amur alikuwa nao, Selim alikuwa nao: Ulaya inakuwa peponi mpaka msomaji anapiga miayo.

Lakini ukisoma kwa jicho la pili unaona nyufa. Baba mdogo aliyezoea shikamoo tangu akiwa mwalimu kijana hakusalimiwa na mtu. Mezani wahudumu walimuuliza mkewe au binti yake, huyu anakula nini? Huku Mwanza, akisubiri daladala penye watu wengi, kuna ambao humwekea sarafu mapajani bila kuulizwa, wakidhani ni ombaomba, naye hukasirika siku nzima. Kule hakuna aliyemwekea sarafu. Siku ya tisa, anaandika Mama mdogo, mume alisema anaikumbuka hata ile mia mbili, maana anayekuwekea amekutazama kwanza. Sikubaliani naye, sarafu ile ni tusi. Lakini sentensi hiyo siwezi kuitoa kichwani.

Kuna pia habari ya treni. Sheria za Umoja wa Ulaya si mchezo. Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inataka mashirika ya ndege yabebe vifaa vya kutembelea bila malipo na kumsaidia abiria. Hata hivyo shirika moja la ndege, nisilitaje, liliwarudishia kiti kikiwa na kikanyagio kilichovunjika, na binti ndiye aliyekifunga kwa waya. Kwa treni, kanuni zilizoanza Juni 2023 zinataka mwenye kuhitaji msaada atoe taarifa saa 24 kabla. Mama mdogo anaisifu huduma hiyo: mtu anakuja na mashine ya kunyanyulia kiti, dakika moja, ndani. Vizuri. Ila anayetembea hukata tiketi na kurukia. Mwenye kiti hutoa taarifa kwanza. Siku walipotaka kubaki Frankfurt saa mbili zaidi kwa sababu tu jua lilikuwa zuri, haikuwezekana, msaada ulikuwa umeandikiwa treni ile. Igogo mluzi unatosha, bila taarifa, lakini unategemea kama vijana wapo na kama hawana kinyongo. Ulaya haitegemei kinyongo, inategemea saa. Mwandishi alikuwa na vyote viwili mkononi na hakuvigonganisha hata mara moja. Na sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo haijapanda mawe ya Igogo.

Mtu ataniambia, huyu ni mama wa nyumbani, unamdai mambo makubwa. Namdai kwa sababu waandishi wakubwa hawakutupa. Wasafiri wa Kiswahili karibu wote husafiri kama makapera vitabuni, hata waliooa. Chukua Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenye Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903. Alifundisha Berlin, akaoa Mjerumani mwaka 1904, mwaka uliofuata akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Serikali ya koloni ikakataa mwanamke huyo mweupe asishuke na mume mweusi, wakageuza wote wawili, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Hiyo ndiyo safari kubwa ya maisha yake, na kitabu chake mashuhuri kilitangulia, hakina habari hiyo. Tunajua namna Waswahili walivyooana Bagamoyo, kwa mahari na ngoma zake. Namna mume na mke walivyosimama kwenye sitaha wakiitazama nchi ambayo mmoja wao haruhusiwi kuikanyaga, hiyo tungeisoma wapi? Ndiyo nasema safari ya wawili ni fani yenyewe, na ni ngumu kuliko ya mmoja, kwa kuwa kila kizuizi kinawapima mara mbili, kwanza wao na dunia, halafu wao kwa wao.

Mimi mwenyewe ninaandika riwaya ya wanandoa wa Igogo wanaokwenda Ulaya na kiti mwendo. Nimeianza mara tatu. Kila mara mhusika wangu mwenye kiti ananigeukia ishara, anaanza kusema maneno ya hekima kama Karama mahakamani Kusadikika. Daftari la Mama mdogo limenionyesha dawa, na dawa hiyo imo Paris.

Paris walikaa siku nne. Reli ya chini ya ardhi ya mji ule ilianza mwaka 1900 na ni ngazi tupu. Njia namba 14, iliyofunguliwa 1998, ndiyo iliyojengwa tangu mwanzo ikimfikiria mwenye kiti, nyingine zilikuwa zinampita chini ya miguu asiyo nayo. Wakazunguka kwa mabasi. Siku ya tatu wakaenda mnara wa Eiffel. Lifti inampandisha mwenye kiti hadi ghorofa ya pili. Kileleni haruhusiwi, kwa ajili ya usalama ikitokea dharura. Walikuwa wameshakata tiketi. Ukurasa wa 61 Mama mdogo anaandika, bila tu- kwa mara ya pili katika daftari zima: aliniambia nenda. Nilikwenda.

Kurasa mbili zinazofuata ni kilele cha mnara. Upepo, mto Seine, nyumba kama viberiti, Wachina wakipiga picha. Ni kurasa zilizoandikwa vizuri kuliko zote, zina kitu cha msichana ndani yake, mama wa miaka 58 asiye na mikono kwenye kitu chochote. Anaandika kwamba hakujua aiweke wapi mikono. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaishika nguzo. Alikaa huko juu dakika 40. Hakuomba radhi kwa msomaji wala kwa mtu yeyote, na namheshimu kwa hilo. Sioni mahali pengine katika nathari yetu ambapo mwanamke anayemuuguza mume ameruhusiwa kufurahi peke yake kwa dakika 40 bila mwandishi kumwadhibu baadaye kwa msiba.

Lakini ghorofa ya pili iko kimya. Mume amefutika. Pembeni ya ukurasa tu, kwa mwandiko mwingine, ule wa ubaoni wa walimu wa zamani, herufi zimesimama wima, pameandikwa maneno mawili: Nilikunywa kahawa.

Nimebishana na Mama mdogo juu ya mambo mawili, mistari iliyokatwa ya ukurasa wa 34 na maneno hayo mawili. Juu ya mistari amekataa kata kata. Anasema mimi sijaolewa, sijui tu- ni nini. Anasema haikuwa uongo, walivuka wote, na kwamba aliyesukuma na aliyesukumwa wote walifika upande wa pili wamechoka. Nimeliandika jibu lake hapa kwa kuwa ni zuri, ingawa halijanishinda: mtu anayesema wote walichoka hataki kusema nani aliyenyang'anywa daraja.

Juu ya kahawa aliniambia nikamuulize mwenyewe. Baba mdogo alinitazama kwa muda, akaomba daftari, akahesabu kurasa zilizobaki tupu mwishoni. Zilikuwa 11. Akataka kalamu ya wino wa bluu, si hii yangu nyeusi, ili mtu asije akachanganya. Hadi naandika uhakiki huu amejaza kurasa mbili. Ameanza na bei ya kahawa, kisha mtoto wa Kifaransa aliyemuuliza kama kiti kinakwenda kasi. Mama mdogo bado hajaruhusiwa kusoma.